Runinga Ilijua Kabla ya Baba

Sehemu ya Saba

"Nani humu ndani figo zake zimekufa?"

Hilo ndilo swali alilouliza Mzee Chapa wiki iliyopita, rimoti mkononi, nami nikakata hadithi hapo hapo. Mmenitukana wiki nzima. Mmoja wenu ameniita katili asiye na mama. Haya, leo katili wa kweli mtamwona, naye anang'inia ukutani kwa misumari.

Turudi sebuleni. Mzee Chapa, mpiga chapa mstaafu, amekaa kwenye kiti chake. Mkewe amesimama mlangoni na sinia la chai. Binti yao Miwani, anayeitwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kusaga vioo vya miwani, ameganda katikati ya chumba. Mdogo wake Kocha, ambaye hajawahi kupiga mpira lakini hufundisha timu zote akiwa amejilaza kwenye kochi, amejikunyata pembeni.

Na ukutani, kwenye runinga pana kuliko meza ya chakula, mwanamume mwenye meno meupe kupita kiasi anachekelea. Chini yake maandishi yanapita: Figo zimechoka? Usiwaachie wanao mzigo wa mazishi. Jiunge leo.

Mtu anakuuzia sanda huku anakuonyesha magego! Tumefika huko.

Mke na watoto wote walilijua jibu. Figo zilizokufa ni zake mwenyewe aliyeuliza.

Kwa mlioanza kusoma leo: Mzee Chapa anaamini ana presha tu. Daktari wa figo, aliyepelekewa vipimo vyake kutoka kliniki ya presha, alikwisha kuwaambia mkewe na wanawe kwamba dawa hazitoshi tena. Inatakiwa figo ya mtu mwingine, na upesi. Miwani na Kocha wakajipeleka kupimwa kimya kimya. Kwa nini kimya kimya? Kwa sababu jirani yao alipowekewa figo ya mwanawe, Mzee Chapa alisema mbele ya watu wazima, "Mzazi hali nyama ya mtoto wake." Akisikia habari hii kabla mambo hayajaiva atakataa, na akikataa amekwisha. Mama ndiye aliyewaapisha watoto. Asiambiwe neno mpaka figo ipatikane.

"Ni matangazo tu hayo, Baba," Kocha akawahi. "Wanawatumia watu wote."

"Watu wote? Mbona jana nilikuwa kwa kinyozi, kwake wanatangaza sabuni?"

"Ile ya kinyozi ni... ni ya zamani."

"Kwa hiyo hizi mpya ndizo zinazojua nani anakufa?"

Sinia likaanguka. Mama akainama kuokota vipande vya vikombe, machozi yakamtoka, akaviacha vipande palepale na kukimbilia jikoni.

Mzee Chapa alimsindikiza mkewe kwa macho. Aliendelea kuutazama ule mlango wa jikoni hata baada ya mama kupotea. Kisha akazima runinga taratibu, akasema anatoka kwenda kwa kinyozi.

"Tumeponea chupuchupu," Kocha akanong'ona.

Miwani alikuwa anaitazama runinga vile unavyomtazama mende uliyemkuta juu ya mswaki wako.

"Nani alitaja figo humu ndani?" akauliza.

"Sisi. Na daktari."

"Tukiwa wapi?"

Kocha akageukia runinga.

Walikuwa hapo hapo sebuleni. Magoti ya Mama hayapandi tena ngazi za hospitali, na macho yake hayaoni vizuri kitu kidogo. Kwa hiyo kila Mzee Chapa alipokwenda kwa kinyozi kupiga soga, wao walichomeka kompyuta ya Miwani kwenye runinga kwa waya, daktari akatokea mkubwa ukutani na kuwaonyesha vipimo. Na walikuwa waangalifu, msiwadharau! Walifunga mlango, wakafunga madirisha, wakashusha mapazia, wakazungumza kwa minong'ono. Halafu wakakaa mbele ya mpelelezi na kumsimulia yote.

"Lakini kompyuta ni yangu," Miwani alisema. "Hili dude nimelichomeka waya tu. Linaonyesha tu!"

Akashika rimoti, akaingia kwenye mipangilio. Akateremka, akateremka tena, mpaka kule chini ambako hakuna mtu mwenye akili zake anayekwenda. Huko akakuta maandishi madogo kama mayai ya chawa. Yalisema, kwa lugha ya adabu iliyopakwa mafuta, kwamba runinga hii hupiga picha za kila kinachopita kwenye kioo chake, kiwe kimetoka kwenye kisimbuzi au kwenye kompyuta, ikakitambua, kisha ikawapelekea "washirika wetu wa kibiashara".

Washirika! Nyumba ya watu, mgonjwa wa watu, siri ya watu, halafu kuna washirika.

Pembeni paliandikwa: Umekubali.

"Nani alikubali?"

Kocha alijikuna kisogo. "Siku ile ya kuifunga ilikuwa inauliza maswali mengi. Nikabonyeza nakubali, nakubali, nakubali. Mechi ilikuwa inaanza."

"Ulisoma?"

"Dada, nani anasoma vitu hivyo?"

Msimcheke Kocha. Kaiulizeni ya kwenu kwanza.

Miwani akapiga simu dukani walikoinunua. Akapokea kijana wa mauzo, sauti laini, unamsikia anatabasamu.

"Ile ni huduma, dada yangu. Inakuletea yale yanayokufaa."

"Inawapiga watu picha sebuleni kwao!"

"Hapana, hapana, haipigi watu. Inapiga kilichopo kwenye kioo tu."

"Kwenye kioo kulikuwa na vipimo vya baba yangu!"

"Basi umeona? Ndiyo maana tangazo limewafaa." Akameza mate. "Na pole sana kwa mzee. Kwa familia yenye mgonjwa tuna bima moja nzuri mno, nikuunganishe na mwenzangu?"

Miwani alikata simu. Akaenda bafuni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, na hakuwa ameshika uchafu wowote.

Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya blauzi. Aliirudisha runinga ilivyotoka kiwandani, ikafuta kila ilichokuwa nacho yenyewe, ingawa washirika walibaki na vyao, ikazaliwa upya. Ikaanza kuuliza. Unaitwa nani? Ruka. Tufungue akaunti? Hapana. Tutumie sauti yako? Hapana. Waifai yako ni ipi? Hapana. Ikabembeleza: Bila intaneti utakosa mambo mengi mazuri.

"Niache nikose," Miwani aliiambia.

Akachomeka waya wa kompyuta, akaipanga runinga ibaki kwenye picha ya kompyuta tu. Picha ikaja safi, bila neno la ziada.

"Kuanzia leo," akamwambia Kocha, "kompyuta ndiyo inayoleta picha. Hili kazi yake ni kung'aa. Halina haja ya kujua tunakula nini wala tunaumwa nini. Usiliunganishe na waifai hata likikupigia magoti."

"Na mpira?"

"Tazama kwa kompyuta."

"Kompyuta si unakwenda nayo kazini?"

"Basi soma kitabu."

Kocha akacheka sana. Alidhani ni utani.

Nyumba ikatulia. Meno meupe yakapotea. Mzee Chapa hakuuliza tena habari za figo, na Miwani akajiona ameshinda. Kumbe mzee naye alikuwa na yake moyoni.

Siku iliyofuata Miwani akiwa karakanani, anasaga kioo cha mteja mkali, Mama akapiga simu.

"Mwanangu, baba yako amefua."

"Amefua nini?"

"Nguo zangu! Kwa mikono yake miwili. Mtu ambaye tangu anioe hajui sabuni inakaa wapi! Na amenikataza nisiinue ndoo. Eti, 'Pumzika, mpenzi.'"

"Si vizuri, Mama? Anakupenda."

"Ndiyo leo? Siku zote hizo alikuwa wapi?" Mama akashusha sauti. "Halafu ameniuliza kama nakojoa vizuri."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia akome."

Miwani akacheka mpaka kioo kikamponyoka. Angekuwa na akili iliyotulia angejiuliza mume anamwuliza mkewe swali kama hilo kwa sababu gani. Lakini mteja alikuwa amemsimamia kichwani.

Asubuhi iliyofuata Miwani aliomba ruhusa kazini. Mzee Chapa aliaga kwamba anakwenda kwa kinyozi, akambusu mkewe kwenye paji la uso, jambo lililomfanya Mama ajipanguse kwa mshangao. Alipopotea kwenye kona, mlango ukafungwa, mapazia yakashuka, waya ukachomekwa. Daktari akatokea ukutani na miwani yake puani.

"Majibu yametoka," akasema. "Kocha, samahani, yako haifai."

Kocha aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumwelekeza mtu.

"Miwani, yako inafaa. Inafaa vizuri sana."

Mama alimkumbatia binti yake, akalia kilio ambacho hakuna mtu angeweza kusema ni cha furaha au cha woga. Mwanamke anaambiwa mumewe atapona kwa kupasuliwa mtoto wake. Mwacheni alie.

"Sasa nisikilizeni," daktari akaendelea. "Siri imetosha. Mleteni kesho, nimwambie mwenyewe. Mimi simpasui mtu asiyejua anapasuliwa kwa nini. Na akikataa, amekataa, siwezi kumlazimisha."

"Hatakataa," Mama akasema. "Niachie leo tu nimlainishe. Ikitoka kinywani mwangu, polepole, atakubali. Asiisikie kwa mtu mwingine yeyote."

"Una leo."

Daktari akaaga. Miwani akachomoa waya wa kompyuta, akijua kioo kitakuwa cheusi.

Hakikuwa cheusi. Kilimeta, na yule wa meno akarudi, mkubwa kuliko mwanzo, amevaa koti jeupe safari hii.

Hongera kwa kutoa figo! Ilinde familia yako endapo hutaamka.

Mama akasoma kwa sauti, neno moja moja, maana herufi zilikuwa kubwa hata kwake. "Endapo... hutaamka." Akageuka. "Hutaamka? Miwani, kuna kutoamka?"

"Mama, hilo ni tangazo la—"

"Daktari hakuniambia kuna kutoamka!"

"Mama, kila upasuaji una hatari yake kidogo, daktari ataeleza."

"Basi siitaki figo yako! Niwazike mume na mtoto pamoja?"

Hebu fikirieni. Mama anayemwamini daktari, amelia, ameridhia, na kabla machozi hayajakauka, kigae cha kioo kilichonunuliwa dukani kinamtia hofu ili kimuuzie bima. Natamani kutema mate, ila gazeti hili lina wahariri.

Miwani akamgeukia mdogo wake. Kocha alikuwa ameanza kuelekea mlangoni, ubavu ubavu.

"Umeirudisha."

"Dada, sikiliza—"

"Umeirudisha kwenye waifai!"

"Ilikuwa nusu fainali! Jana mchana! Kompyuta uko nayo kazini, mimi nifanyeje? Nilisema nitaiweka kidogo tu halafu niiondoe. Nikasahau."

"Na maswali yake?"

"Nikakubali," Kocha akasema kwa sauti ndogo. "Yote."

Miwani aling'oa waya wa umeme ukutani. Meno yakazimika. Alisimama akihema, waya mkononi, kisha kitu kikampitia usoni.

"Jana mchana ulitazama na nani?"

"Na Baba. Tuliburudika kweli. Timu yetu—"

"Matangazo yalikuja?"

"Wakati wa mapumziko."

"Lipi?"

"Si lile la mazishi, usijali. Lilikuwa zuri. Mwanamke yuko kitandani, mumewe kamshika mkono. Wameandika kwamba figo yako moja inaweza kumrudisha umpendaye."

"Baba alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliuliza tu."

"Aliuliza nini, Kocha?"

"Kama mtu wa umri wake anaweza kutoa figo. Nikamwambia, mzee, wewe una nguvu kuliko sisi sote. Akafurahi kweli, akaniongezea chai."

Mama akajishusha kwenye kiti cha mumewe, mkono kifuani. Mzee Chapa aliona sinia likianguka. Alimwona mkewe akikimbilia jikoni na machozi siku runinga ilipotaja figo. Akafua nguo, akanyang'anya ndoo, akauliza habari za mkojo.

"Anadhani ni mimi," Mama akasema.

Miwani alikwisha kubonyeza simu kumtafuta kinyozi.

"Mzee? Aliondoka zamani," kinyozi akajibu. "Nimemnyoa, akataka na ndevu zitoke zote. Nikamtania anakwenda kuoa. Akasema ana shughuli kubwa kuliko ndoa."

"Kaelekea wapi?"

"Upande wa hospitali."

Kocha akaanza kutafuta viatu. Mguu mmoja kiatu, mmoja kandambili, na kabla hajafika mlangoni simu ya Miwani ikalia. Ilikuwa namba ya daktari. Miwani akaiweka kwa sauti kubwa, wote wakaizunguka.

"Binti, nimetoka kuzungumza na nyinyi sasa hivi," daktari akasema kwa haraka. "Nafungua mlango wa ofisi niite mgonjwa, nakuta mzee kwenye benchi, amenyoa, amevaa shati la kwendea harusini. Aliponitajia jina lake nikashtuka. Anasema amekuja kutoa figo. Ya kumpa mkewe."

"Daktari, tafadhali usimwambie kitu, nakuja."

"Ananiuliza hali ya mkewe, nimjibu nini? Siwezi kumdanganya mgonjwa wangu akiwa amekaa mbele yangu. Na siwezi kuanza kumpima kana kwamba—"

Yakasikika makaratasi, kiti kikakwaruza sakafu, simu ikabadili mkono.

"Miwani?" Ilikuwa sauti ya Mzee Chapa, changamfu, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Huyu daktari wenu ana maneno mengi. Ananizungusha tu. Hebu niambie, damu ya mama yako ni kundi gani?"

"Baba, toka hapo. Ngoja nje, nakuja."

"Nitoke niende wapi? Mmenionea sana, mwanangu. Mke wangu anakufa, nyinyi mnanifungia mapazia kama mgeni! Mpaka niambiwe na runinga?"

Miwani akajaribu kusema, mzee asimpe nafasi.

"Mimi sina hasira," mzee akaendelea. "Nimeshavua shati, hapa nasubiri sindano. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya chapa maisha yangu yote, sijawahi kulazwa. Nina figo mbili nzima. Moja ni ya mama yako. Ningekuwa na tatu ningempa mbili."

Kocha aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Ila asijue," Mzee Chapa akanong'ona, na kwenye ule mnong'ono alikuwa na furaha ya kijana. "Namjua mimi yule. Akisikia ni yangu atakataa. Mwambieni imetoka kwa mtu baki. Umenisikia? Nataka uniapie."

Miwani akainua macho kumtazama mama yake.

Mama alikuwa amekwisha kusimama. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kwa binti yake, akaishika karibu kabisa na mdomo.

"Vaa shati lako, mume wangu," akasema. "Mgonjwa si mimi."